Muulize Fundi: Nati inayolegea karavani ikiwa njiani

SWALI

Shikamoo Fundi. Nina karavani, trela ya kulala, ya ekseli moja; ikiwa imepakiwa inafika kilo 1,300. Nilipoinunua ilikuja na stebilaiza ya zamani, kifaa cha kuzuia karavani isiyumbe, ile ya bamba refu la chuma cha springi. Upande mmoja wa bamba umechomekwa kwenye kichwa cha msuguano kilichofungwa chini ya gololi ya kuvutia, nyuma ya gari. Upande wa pili unateleza juu ya kishikizo kilichofungwa kwenye fremu ya pembe tatu, mbele ya karavani. Nilikifungua kichwa nikakisafisha, nikakipaka rangi, kikapendeza.

Tatizo ni nati kubwa ya katikati. Naikaza kabla ya safari mpaka mishipa ya shingo inanitoka. Baada ya saa moja hivi barabarani karavani inaanza kutikisa mkia. Nikisimama nakuta nati inazunguka kwa vidole. Nimebadilisha washa ya springi mara mbili. Nimetia gundi ya nati, ile nyekundu, baada ya kupuliza mafuta ya kulainisha kutu ili nati iingie vizuri. Haikusaidia. Juzi nilishawasha mashine ya kuchomelea nimalize kazi, mke wangu akaizima, akasema nikuandikie kwanza. Je, nichomelee?

Aliyechoka na spana

JIBU

Marahaba. Mshukuru mkeo kwa niaba yangu. Usichomelee.

Nati ile imewekwa pale ili iguswe. Inabana lainingi, vile vipande vya msuguano kama vya breki, na sahani za chuma kwa kiasi maalumu, na lainingi zinapolika inabidi ubane tena. Ukiichomelea leo, mwakani lainingi zitakuwa zimekwisha na huna pa kubana, na joto la kuchomelea litakuwa limeshaziunguza. Bamba litaendelea kuning'inia pale, wewe ukiliona kwenye kioo na kudhani una stebilaiza.

Barua yako ina mambo manne yaliyonifanya nivue miwani na kuisoma upya: rangi, mafuta, gundi na huo mkia unaotikisika. Kabla sijayagusa, nataka ufanye jaribio moja ambalo halihitaji nguvu. Chukua rangi ya kucha au kalamu ya rangi isiyofutika. Nati ikiwa imekazwa, chora mstari mmoja ulionyooka unaoanzia kwenye ncha ya bolti, upite juu ya nati, uvuke washa, uishie kwenye mwili wa kichwa. Kisha vuta karavani kilomita kumi au kumi na tano, polepole, mahali pasipo na msongamano. Simama na uangalie mstari kabla hujaishika nati.

Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Mstari ukiwa mzima lakini mbano umepungua, nati haina kosa: vitu vilivyobanwa chini yake vimekuwa vyembamba. Kwa macho magonjwa haya mawili yanafanana, ila dawa zake hazikutani popote. Nimefanya kazi hii miaka 31 chini ya trela za kila namna, na watu wengi walioniletea stebilaiza "iliyolegea" walikuwa wameikaza mara ishirini bila hata mara moja kujiuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Nianze na hiyo ya pili, maana nina mashaka nayo zaidi kwako. Chukua bolti ya M16, yaani ya unene wa milimita 16, yenye hesi za kawaida. Kila mzunguko mmoja wa nati unaisogeza milimita 2. Nati ina pande sita, kwa hiyo kuizungusha upande mmoja tu ni kama theluthi moja ya milimita, yaani unene wa karatasi tatu za kawaida. Sasa hesabu mwenyewe: umepaka rangi sahani mbili au tatu, kila sahani ina nyuso mbili. Unakaza juu ya rangi. Kichwa kinapozunguka kwenye kona za kwanza, rangi inasagika na kutoka kama unga. Rundo zima limepungua theluthi ya milimita, au zaidi, na mbano uliouweka kwa jasho umeondoka bila nati kusogea hata nywele moja.

Kutu inafanya hivyohivyo. Kichwa kilichokaa miezi nje kinaota kutu kati ya sahani na lainingi, kutu inavimba, na ukikijaribu uani unakiona kigumu kama mwamba. Ukitoka nacho safari ya kwanza, kutu inasagwa, na kwenye kituo cha mafuta unakuta kila kitu kinacheza. Ndiyo maana mimi hukaza, huzungusha kichwa kwa bamba kushoto na kulia mara thelathini hivi, kisha hukaza tena, karavani ikiwa bado haijatoka hata mita moja.

Kwa hiyo fungua kichwa tena. Pole, najua kilikuwa kimependeza. Toa rangi yote kwenye kila uso unaogusana na mwingine, nyuso za lainingi na vilevile ule uso ambapo kichwa kinakaa kwenye baa ya kuvutia. Gololi za aina ya Ulaya zenye sahani nyuma hufungwa kwa bolti mbili za M16 zilizoachana milimita 90, na mara nyingi bati la kubebea kichwa cha stebilaiza hubanwa hapohapo katikati. Rangi nene katikati ya mkate huo italegeza bolti za gololi yenyewe, na hapo stebilaiza itakuwa ndiyo shida yako ndogo. Nje paka utakavyo, hata maua ukitaka.

Sasa mafuta. Mafuta ya kulainisha kutu hupenya, ndiyo kazi yake. Uliyapuliza kwenye nati, yakashuka na bolti, yakafika kwenye lainingi. Lainingi iliyokunywa mafuta inateleza hata ukiibana kwa winchi. Kipande kikiwa kimelowa kidogo juu juu, kifute kwa dawa ya kusafishia breki na ukikwangue kidogo kwa msasa. Kikiwa kimekuwa cheusi na kinang'aa kama kiatu kipya, nunua kingine. Ila tahadhari: kama stebilaiza yako ni ya miaka ya 1970 au 1980, lainingi zake zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa wala usilipige msasa likiwa kavu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa kibichi, funga kitambaa kwenye mfuko, na lainingi hizo zibadilishe bila kubishana na mtu.

Gundi nyekundu ilishindwa kwa sababu hiyohiyo ya mafuta: inataka chuma kikavu na kisafi ili igande, nawe uliipa hesi zilizolowa. Bahati yako. Ingeganda vizuri ungehitaji kupasha nati joto la nyuzi kama 250 za Selsiasi ili kuifungua, sentimita mbili kutoka kwenye lainingi.

Tuje kwenye mstari uliokatika, yaani nati iliyozunguka kweli. Hapa nitamtaja mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, ambaye mwaka 1969 alitoa matokeo ya majaribio yaliyowaumiza wengi wenye maduka ya washa. Alionyesha kwamba adui mkubwa wa nati ni kusukumwa kwa upande, huku na huku. Mtikisiko wa juu na chini una madhara madogo kwa kulinganisha. Vitu vilivyobanwa vikianza kuteleza kimoja juu ya kingine kwa upande, nati inajifungua yenyewe kidogo kidogo, na washa ya springi iliyokatwa, ile uliyobadilisha mara mbili, haiizuii. Kinachoizuia ni mbano wa kutosha wa kufanya vitu visiteleze kabisa.

Tazama basi kichwa chako kilivyo. Katikati yake kuna sahani iliyotengenezwa izunguke kila unapokata kona, na nati iko sentimita chache juu ya sahani hiyo. Kama kuna njia yoyote ya mzunguko ule kuifikia nati, utaisogeza kila kona: kona ya kulia inaivuta huku, ya kushoto inairudisha, na kurudi hakulingani na kwenda. Kwa hiyo waliotengeneza vichwa hivi huweka kati ya sahani na nati washa yenye kijino, au yenye upande mmoja ulionyooka, inayoingia kwenye mfereji uliochongwa kwenye bolti. Washa hiyo haizunguki hata sahani ikizunguka chini yake. Itafute. Kama haipo, au kijino chake kimelika kikawa mviringo, umempata mwizi. Angalia pia mfereji wa kwenye bolti: kingo zake zikiwa zimepanuka, washa mpya itacheza ndani yake kama ya zamani.

Ukiwa humo ndani, tazama washa za kisahani, zile zilizobinuka kama kifuniko cha sufuria ndogo. Hizo ndizo springi za kichwa. Lainingi ikilika kidogo, washa hizi zinafuatia na kuendelea kubana. Mpangilio wake una maana. Zikilaliana upande mmoja, kama sahani kabatini, zinakuwa ngumu na zinasogea kidogo. Zikitazamana, mgongo kwa mgongo au tumbo kwa tumbo, zinakuwa laini na zinasogea zaidi. Mtu akizirudisha ovyo, kipimo chote cha kukaza kinaharibika. Weka moja juu ya kioo cha meza. Ikiwa imelala bapa, imekufa, na stebilaiza isiyo na springi hulegea kwa lainingi kulika unene wa karatasi. Kabla ya kufungua kichwa chochote piga picha kwa simu. Mimi nilianza kazi kabla ya simu hizi, nikawa nachora kwenye boksi la sabuni, na kuna siku boksi lenyewe lilitupwa na mtu aliyekuwa anafagia.

Nati yenyewe, kama ni ile yenye pete ya plastiki ndani, ni ya kutumia na kutupa. Ukishaifungua na kuifunga mara kadhaa ile plastiki haing'ati tena. Kama inaingia kwa vidole mpaka mwisho, ipeleke kwenye chuma chakavu.

Kuhusu kukaza mpaka mishipa ikutoke: mishipa si kipimo. Kitabu cha stebilaiza yako kinasema nati ikazwe kwa kiasi gani, au bamba livutwe kwa nguvu gani ndipo kichwa kianze kuzunguka. Hiyo ya pili naipenda zaidi kwa sababu inapima msuguano wenyewe, ndicho kitu unachokitaka, na unaweza kuifanya kwa mizani ya kuning'iniza mizigo. Chomeka bamba kwenye kichwa, acha karavani pembeni, funga mizani kwenye bamba, vuta kwa upande, soma kilo pale bamba linapoanza kusogea. Hesabu ni nguvu mara umbali. Mfano tu wa hesabu: ukivuta ukiwa mita moja kutoka katikati ya bolti na mizani inasoma kilo 20, ni niutoni 196, kwa hiyo mzunguko wa niutonimita 196. Linganisha na namba ya kitabu chako, usichukue hii yangu. Andika ulichopata kwa kalamu ndani ya mlango wa karavani. Mwaka kesho utajua kimepungua au la, badala ya kukisia kwa mishipa.

Na usizidishe. Niliwahi kuzidisha mimi, zamani, kwa karavani ya jamaa. Nikakaza kichwa mpaka nikajisifu. Kwenye kona iliyolowa mvua niligeuza usukani na gari likaendelea kwenda mbele kwa sekunde moja ndefu sana, kwa sababu karavani ilikataa kujikunja nyuma yake na ikawa inausukuma mkia wa gari. Hatukugonga kitu. Niliteremka nikalegeza nati mkono ukitetemeka, na yule jamaa hakusema neno mpaka tulipofika.

Nimebakiza mkia unaotikisika, na hili ndilo ningependa ulifikirie kuliko mengine yote. Karavani iliyopakiwa sawasawa, yenye matairi yenye upepo ulioelekezwa, inapaswa kwenda imenyooka kwa mwendo wa kawaida hata bamba likiwa limebaki nyumbani. Stebilaiza ni ya upepo wa pembeni na lori kubwa linalokupita. Kama kichwa chako kinafanya kazi dakika zote sitini za hiyo saa moja, sishangai kinalegea; sahani ambazo zingesogea kwenye kona tu zinasuguana hata kwenye barabara iliyonyooka. Baada ya kuendesha kwenye mnyoofu, sogeza mgongo wa mkono karibu na kichwa bila kukigusa. Kikiwa kinatoa joto, kimekuwa kinapigana na kitu.

Pima uzito unaokalia gololi. Karavani ikiwa imepakiwa vilevile kama ya safari, mahali pa bapa, weka mizani ya bafuni chini, simamisha kipande cha mbao juu yake kiingie chini ya kikombe cha karavani, kile kinachokalia gololi, kisha pandisha gurudumu dogo la mbele mpaka uzito wote ukae kwenye mbao. Uingereza hushauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa; kwa kilo 1,300 ni kati ya 65 na 91. Marekani, ambako trela na magari ni ya namna nyingine, hutaja asilimia 10 hadi 15. Lakini juu ya yote hayo usivuke kikomo kilichoandikwa kwa gari lako na kwa baa yake ya kuvutia. Ukipata kidogo mno, unajua mkia unatikiswa na nini.

Mpaka hayo yaishe, mwendo mdogo. Na karavani ikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha gari lipungue lenyewe. Usijaribu kuikimbia kwa kuongeza mwendo. Nimewavuta mtaroni watu waliojaribu.

ALIVYORUDI

Niliyaandika hayo kwa barua ya moja kwa moja, kwa sababu mtu mwenye mashine ya kuchomelea mkononi hasubiri toleo lijalo. Wiki mbili baadaye akajibu. Nanukuu sehemu tu, kwa ruhusa yake:

"Fundi, mstari mara ya kwanza ulikuwa mzima na mbano umepungua. Nikakaza, nikaenda tena, mara hii mstari ukakatika. Nikadhani umenidanganya. Nikafungua kichwa. Rangi yangu ya fedha imesagika yote, imejaa ndani kama unga wa ngano. Washa yenye kijino ipo lakini kijino hakipo. Uzito kwenye gololi ni kilo 38. Gurudumu la akiba nililifunga nyuma kwa nje, na maturubai ya kivuli nayaweka chini ya kitanda cha nyuma."

Sikumdanganya, ila nilikosea kumwandikia kana kwamba lazima iwe ama hili ama lile. Kwake yalipokezana kijiti. Rangi ilisagika, mbano ukashuka bila nati kusogea. Mbano uliposhuka, sahani zikaanza kuteleza, kama alivyoonyesha Junker, na kwa kuwa washa haikuwa na kijino, mzunguko ukapanda moja kwa moja mpaka kwenye nati. Na vyote hivyo vilisukumwa na karavani iliyobeba kilo 38 mbele, ambazo hazifiki hata asilimia 3 ya uzito wake, na gurudumu zima likining'inia nyuma kabisa kama jiwe kwenye ncha ya kamba.

Amehamishia gurudumu na maturubai kwenye sakafu, mbele kidogo ya ekseli, mizani ikasoma kilo 72. Aliuliza kwa nini asivisogeze mbele kabisa apate hata 90. Kwanza, gari lake linaruhusu 75. Pili, vitu vizito kwenye ncha zote mbili za karavani, hata vikilingana kwenye mizani, vinaifanya ikishaanza kuyumba iwe ngumu kutulia. Uzito ukae chini, na karibu na ekseli.

Washa mpya, nati mpya, lainingi mpya, sahani zimekwanguliwa mpaka chuma cheupe. Anasema mstari wa rangi ya kucha umevuka safari nne ukiwa mzima. Rangi ya kucha ni ya mkewe, na ameomba nilitaje hilo.

SWALI

Fundi, karavani yangu haina bamba. Stebilaiza iko ndani ya kikombe chenyewe, nikishusha mkono wa pili inabana gololi. Siku hizi inalia kama mlango wa zamani kila kona, na nahisi haibani. Niipake grisi?

JIBU

Hapana! Hata tone. Vikombe vya namna hii, kama vile vya kampuni za AL-KO na Winterhoff, vina vipande vya lainingi vinavyoing'ang'ania gololi, na vinataka gololi kavu kabisa, isiyo na grisi wala rangi. Nadhani grisi tayari ipo. Je, gari hilohilo huvuta trela nyingine, ya mizigo, yenye kikombe cha kawaida? Kikombe cha kawaida kinataka grisi. Ukitoka kwenye kimoja kwenda kingine bila kusafisha, lainingi zinakula grisi, zinang'aa, zinalia na kuteleza.

Safisha gololi kwa dawa ya breki, isugue kwa msasa mwembamba wa namba 200 hadi 240, kisha lainingi nazo zipitishie msasa kidogo na uzifute. Gololi mpya iliyokuja na rangi, itoe rangi yote pale kikombe kinapokaa. Halafu ipime kwa vernia, sehemu kadhaa na si moja, kwa maana gololi hulika upande wa mbele na wa nyuma zaidi. Ya milimita 50 ikishafika 49, ibadilishe. Kikombe kina alama za kuonyesha kulika, zitazame mkono ukiwa umeshushwa. Zikionyesha mwisho wakati gololi ni nzima, lainingi ndizo zilizokwisha. Kelele kidogo kwenye kona za mwendo mdogo inaweza kubaki hata baada ya yote hayo. Ni sauti ya msuguano, na msuguano ndio ulioulipia.

SWALI

Mimi natumia ile stebilaiza ya Kimarekani, fimbo inayoingia na kutoka kama bomba ndani ya bomba, yenye mkono wa kukaza. Mkono unalegea njiani. Nikirudi nyuma navunja kitu kila mara.

JIBU

Mkono ule ni wa kufungua na kufunga tu. Mbano unawekwa na bolti iliyo chini yake: legeza mkono, kaza bolti robo mzunguko, funga mkono, jaribu. Watu huugeuza mkono kama wanarekebisha, ukabaki nusu njia, na hapo ndipo mtikisiko unapoufungua.

Na kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, iondoe fimbo yote. Fimbo ina urefu wake, ikifika mwisho karavani bado inakunja, kinachovunjika ni ile gololi ndogo ya pembeni au inapinda fimbo yenyewe. Ukiwa kwenye barabara yenye utelezi mwingi, legeza mkono kabisa na upunguze mwendo. Ukikuta fimbo iliyoingizwa mpaka mwisho inakwama hata mkono ukiwa umelegezwa, imeshapinda tangu safari iliyopita, na haitabana sawa tena.